Seva ya Faili katika Kituo Kidogo cha Afya: Mfano wa Chumbageni, Tanga

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilidorora karibu Tanzania nzima, baada ya hitilafu kutokea kwenye mikongo ya EASSy na SEACOM iliyolazwa chini ya Bahari ya Hindi, katika eneo lililo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kwa kituo chochote cha afya kilichozoea kupitisha majibu ya maabara na picha za ultrasaundi kwa WhatsApp, hali hiyo ilikuwa na jambo la kushangaza ndani yake. Jibu lililokwisha kuandikwa chumba cha pili, hatua kumi na tano kutoka meza ya tabibu, halikufikika kwa sababu mkongo ulikuwa na hitilafu zaidi ya kilomita elfu mbili kusini mwa Tanga.

Faili hiyo haikuhitaji kusafiri baharini hata kidogo. Kompyuta mbili zilizo chini ya paa moja zaweza kuunganishwa kwa kebo na kusomeana mafaili, intaneti iwepo isiwepo. Kinachohitajika ni kompyuta ya tatu ambayo kazi yake ni kuhifadhi mafaili na kuyatoa kwa anayestahili. Hiyo ndiyo seva ya faili. Somo hili linaeleza namna ya kuisimika, kwa kutumia mfano wa zahanati ya kufikirika iliyo Chumbageni, kata ya mjini katika Jiji la Tanga: mapokezi, vyumba viwili vya matabibu, maabara, chumba cha ultrasaundi, dirisha la dawa na ofisi ya mhasibu. Vituo vya umma vinavyotumia GoTHOMIS au mfumo mwingine wa Serikali vitaendelea kuutumia, kwani seva ya faili haichukui nafasi yake. Kazi yake ni kubeba yale yanayobaki nje ya mifumo hiyo: picha, barua za rufaa zilizoskaniwa, ripoti, fomu na miongozo ya tiba.

Njia inayotumika zaidi pale ambapo seva haipo ni fleshi. Kifaa hiki ni rahisi, na urahisi wake ndio hatari yake. Fleshi moja hutoka chumba cha ultrasaundi, ikapita kwa tabibu, ikaenda steshenari kuchapishwa, kisha ikarudi na virusi vya kompyuta. Siku nyingine hairudi kabisa, nayo imebeba majina na picha za wagonjwa arobaini. Hakuna ajuaye ilipodondoka, wala mgonjwa hataarifiwa.

Karatasi kabla ya kebo

Mafundi wengi huanza kwa kununua vifaa. Kwa kituo cha afya huo ni mwanzo mbaya. Kazi ya kwanza ni ya kalamu na karatasi, na anayepaswa kuifanya ni mganga mfawidhi pamoja na wakuu wa vitengo. Fundi asiachiwe peke yake. Iandikwe orodha ya folda zitakazokuwapo, na mbele ya kila folda yaandikwe mambo mawili: nani anaweza kuandika ndani yake, na nani anaweza kusoma tu. Asiyetajwa hana ruhusa.

Katika zahanati ya mfano, maabara huandika majibu na matabibu huyasoma bila uwezo wa kuyabadilisha. Chumba cha ultrasaundi nacho hufanya vivyo hivyo kwa folda ya picha. Mfamasia anahitaji maagizo ya dawa, hana haja ya picha ya mimba ya mtu. Mhasibu anahitaji hesabu. Mapokezi panahitaji orodha ya miadi na fomu tupu za kuchapisha, basi.

Kipengele hiki cha mwisho ndicho huzua ubishi, kwa kuwa mhudumu wa mapokezi mara nyingi ndiye mwepesi zaidi wa kompyuta, na kila mtu humkimbilia amtafutie faili. Hata hivyo ubishi huo una jibu lake katika maisha ya mtaa. Chumbageni watu wanajuana. Mhudumu na mgonjwa huenda wakawa wamepanga nyumba moja, au wanaswali msikiti mmoja, au watoto wao wanasoma darasa moja. Mwanamke anayeujua ujirani huo, naye akahisi kwamba majibu yake yanaweza kufunguliwa na kila mwenye kiti kituoni, hatalalamika. Ataacha tu kuja, au atasafiri hadi kituo cha mbali asikojulikana, na dawa zake zitakatika njiani.

Sheria nazo ziko wazi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inaagiza majibu ya kipimo cha VVU yawe siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kituo kinachofungua folda moja kwa wafanyakazi wote hakiwezi kujitetea kwamba hakikujua.

Kuna siri nyingine ambayo husahaulika, nayo ni jina la faili. Ruhusa zaweza kupangwa vizuri, kisha faili ikaitwa kwa jina kamili la mgonjwa likifuatiwa na jina la kipimo. Atakayepita nyuma ya mgongo wa tabibu na kutupia jicho kiwambo atasoma kila kitu bila kufungua chochote. Kwa hiyo mafaili yapewe namba ya usajili na tarehe, kwa mfano 0417-2025-03-11.pdf, na folda zisiitwe kwa majina ya maradhi.

Vifaa na hewa ya pwani

Seva ya kituo kidogo haihitaji kuwa mashine ya kifahari. Kompyuta ya mezani iliyotumika, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 au 8, inatosha. Pesa ielekezwe kwenye diski mpya mbili za ukubwa sawa, swichi ya milango minane yenye kasi ya gigabiti moja kwa sekunde, kebo za Cat 5e, na UPS yenye uwezo wa kuishikilia seva na swichi kwa muda wa kutosha kuzima kwa utaratibu umeme unapokatika. Kipande kimoja cha kebo kisizidi mita 100. Kebo isipitishwe nje kutoka jengo moja kwenda jengo jingine, kwa sababu radi ya masika ikipiga karibu huweza kupita humo na kuunguza vifaa vya pande zote mbili.

Faida ya kasi huonekana kwa hesabu ndogo. Picha ya eksirei ya megabaiti 20 ni sawa na biti milioni 160. Kwenye intaneti ya megabiti 2 kwa sekunde, kuipandisha peke yake huchukua sekunde 80, kisha mpokeaji naye aishushe. Kwenye swichi ya gigabiti kazi hiyo huchukua muda usiofika sekunde moja au kuuzidi kidogo, kutegemea diski, na bando haliguswi.

Tanga ni mji wa bahari, na hewa yake ina unyevu na chumvi inayokula shaba na chuma. Seva isiwekwe karibu na dirisha linaloelekea upepo, wala chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji, wala sakafuni. Rafu ya mbao au chuma kwenye chumba kinachofungwa kwa ufunguo, palipo na feni na hewa inayozunguka, inafaa kuliko kabati zuri lililofungwa kila upande. Vumbi lipulizwe kila baada ya miezi michache. Ufunguo wa chumba hicho ni sehemu ya usalama wa taarifa sawa na nywila: mwizi akibeba mashine nzima, ruhusa zote zilizopangwa hazitamsumbua. Kwa sababu hiyo, wakati wa kusimika mfumo endeshi lichaguliwe pendekezo la kuzisimba diski kwa fumbo, ingawa mtu atalazimika kuandika nywila kila seva inapowashwa.

Kusimika Samba

Programu inayotumika hapa ni Samba, ambayo haina malipo ya leseni. Iliandikwa na Andrew Tridgell nchini Australia kuanzia mwisho wa mwaka 1991 na kuendelea, ili kompyuta zisizotumia Windows ziweze kuzungumza itifaki ya SMB ambayo Windows huitumia kushirikishana mafaili. Jina lake alilipata kwa kutafuta kwenye orodha ya maneno ya kompyuta yake neno lenye herufi S, M na B kwa mfuatano huo. Halihusiani na milima ya Usambara, na laiti angepekua kamusi ya Kiswahili, huenda programu hiyo leo ingeitwa Simba.

Isimikwe Ubuntu Server 24.04, toleo lenye huduma ya masasisho ya usalama kwa miaka mitano tangu Aprili 2024. Hatua hii huhitaji intaneti kwa muda mfupi, na hotspoti ya simu inatosha. Kwenye ruta, seva itengewe anwani isiyobadilika, mathalani 192.168.10.5. Kisha amri hizi ziandikwe kwenye kibodi ya seva yenyewe:

sudo apt install samba acl
sudo groupadd maabara
sudo groupadd matabibu
sudo mkdir -p /srv/kituo/maabara
sudo chgrp maabara /srv/kituo/maabara
sudo chmod 2770 /srv/kituo/maabara
sudo setfacl -m g:matabibu:rx -m d:g:matabibu:rx /srv/kituo/maabara

Amri ya chmod inasema kwamba mmiliki na kundi la maabara wana ruhusa zote, na wengine hawana kitu. Tarakimu 2 ya mwanzo huhakikisha kwamba kila faili mpya inarithi kundi la folda, hata iwe imeandikwa na nani. Amri ya setfacl huwaongezea matabibu ruhusa ya kusoma, sasa na kwa mafaili yajayo. Mpangilio wa amri hizi mbili usigeuzwe, maana chmod ikitangulizwa na setfacl huweza kuzifinya ruhusa zilizoongezwa.

Kila mfanyakazi afunguliwe akaunti yake. Akaunti moja ya kituo kizima, yenye nywila iliyobandikwa ukutani, hubatilisha kazi yote iliyotangulia: faili ikifutwa au ikivuja hapatakuwa na njia ya kujua ni nani, na mfanyakazi aliyehama ataondoka na nywila ya wenzake.

sudo useradd -M -s /usr/sbin/nologin -G maabara maabara01
sudo smbpasswd -a maabara01
sudo useradd -M -s /usr/sbin/nologin -G matabibu tabibu01
sudo smbpasswd -a tabibu01

Baada ya hapo lifunguliwe faili la /etc/samba/smb.conf. Katika sehemu ya global, mistari miwili iwekwe au irekebishwe:

map to guest = never
server min protocol = SMB3_00

Wa kwanza hufunga mlango wa mgeni asiye na akaunti. Wa pili unaelezwa baadaye, kwa kuwa una historia yake. Mwisho wa faili iongezwe folda:

[maabara]
path = /srv/kituo/maabara
valid users = @maabara @matabibu
read only = yes
write list = @maabara
create mask = 0660
directory mask = 2770
vfs objects = recycle
recycle:repository = .pipa
recycle:keeptree = yes
recycle:directory_mode = 0770

Msomaji ataona kwamba ruhusa zimeandikwa mara mbili, kwenye folda yenyewe na kwenye Samba. Haya ni malango mawili yanayofuatana, na mtu hupita pale tu yote mawili yanapomkubali. Wengi hukwama hapa: hurekebisha lango moja, faili likakataa kufunguka, wakaamua kuweka chmod 777 ili wamalize kazi. Amri hiyo huwapa wote ruhusa zote, na kwa kituo cha afya isitumike hata kwa majaribio.

Mistari minne ya mwisho ni pipa la taka. Faili likifutwa kutoka kwenye folda ya mtandao haliendi kwenye pipa la Windows, hutoweka moja kwa moja. Mistari hii hulihamishia kwenye folda iliyofichwa iitwayo .pipa. Mstari wa directory_mode usiachwe, kwa sababu bila huo pipa hufunguliwa kwa jina la mtu wa kwanza kufuta faili, na mafaili yanayofutwa na wenzake baada yake hupotea kabisa kana kwamba pipa halipo.

Faili likaguliwe kwa amri ya testparm, kisha Samba iwashwe upya na milango ya mtandao ifungwe isipokuwa ule wa 445 kwa kompyuta za ndani tu:

sudo systemctl restart smbd
sudo ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 445 proto tcp
sudo ufw enable

Kwenye kompyuta ya tabibu yenye Windows, iandikwe \\192.168.10.5\maabara juu ya dirisha la mafaili, kisha jina na nywila. Jaribio halijakamilika folda inapofunguka. Tabibu ajaribu kufuta jibu la maabara, na akataliwe. Mhudumu wa mapokezi ajaribu kuingia, naye akataliwe. Kukataliwa huko ndiko kunakoonyesha kwamba karatasi ya mwanzo imefuatwa. Folda nyingine zifunguliwe kwa utaratibu huohuo, na waifai ya wagonjwa, kama ipo, itengwe na mtandao huu.

Mashine kuukuu na itifaki kuukuu

Mstari wa server min protocol unakataza matoleo ya zamani ya SMB. Sababu yake ilionekana Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017, ambapo programu haribifu iitwayo WannaCry ilisambaa duniani kwa kupitia udhaifu wa SMB toleo la 1. Iliyafunga mafaili kwa fumbo na kudai fidia. Nchini Uingereza iliathiri takriban taasisi 80 kati ya 236 za huduma ya afya ya umma, pamoja na kliniki 595 za madaktari wa familia. Hospitali zilielekeza magari ya wagonjwa kwingine, na maelfu ya miadi yalifutwa. Microsoft ilikuwa imetoa rekebisho la udhaifu huo tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla, lakini mashine zilizoambukizwa hazikuwa zimewekewa.

Somo hilo lina uzito kwa vituo vya Afrika Mashariki, ambako mashine za ultrasaundi zilizokwisha kutumika kwingine ni nyingi. Baadhi yake hujua SMB toleo la 1 tu. Mwenye mashine ataambiwa na fundi kwamba dawa ni kushusha kiwango cha seva. Dawa hiyo humponya mmoja na kuwaweka wote hatarini. Ni heri mashine ya namna hiyo iendelee kutolewa picha kwa fleshi moja iliyotengwa kwa kazi hiyo, isiyotoka chumbani, ikichomekwa kwenye kompyuta moja yenye kinga ya virusi ambayo ndiyo hupandisha picha kwenye seva. Ni usumbufu, lakini ni usumbufu wa chumba kimoja. Vilevile mlango wa 445 usifunguliwe kamwe kwenye ruta kuelekea intaneti, hata kwa hoja kwamba daktari anataka kusoma majibu akiwa nyumbani.

Nakala rudufu

Diski mbili zilizotajwa huweza kupangwa ziwe kioo cha kila mmoja, na moja ikifa nyingine huendelea. Kioo si nakala rudufu. Kinachofutwa kwenye ya kwanza hufutwa kwenye ya pili sekunde ileile, na programu kama WannaCry huzifunga zote mbili kwa pamoja. Nakala rudufu ni ile iliyochomolewa.

Zinunuliwe diski mbili za nje zinazochomekwa kwa USB, nazo zisimbwe kwa fumbo, kwa kuwa zitatoka nje ya jengo. Moja ikae kituoni kwa ajili ya kazi ya usiku, nyingine ihifadhiwe kwingine kwa ufunguo, na zibadilishane kila juma. Amri ya kunakili hutumia rsync, ambayo Tridgell huyohuyo aliitoa mwaka 1996 akishirikiana na Paul Mackerras:

mountpoint -q /mnt/akiba && sudo rsync -aA /srv/kituo/ /mnt/akiba/$(date +%u)/

Sehemu ya date hutoa namba ya siku, 1 kwa Jumatatu hadi 7 kwa Jumapili, hivyo kila siku ina folda yake. Faili likiharibika Jumanne na likagunduliwa Alhamisi, la Jumatatu bado lipo. Gharama yake ni nafasi, kwani diski ya akiba hubeba mafaili yote hadi mara saba. Sehemu ya mountpoint ni fupi lakini isiondolewe. Ikitokea diski haijachomekwa, rsync huendelea kunakili kwa furaha ndani ya folda tupu iliyo kwenye diski ya seva yenyewe, bila kosa lolote kuonekana, na kituo kikaishi miezi kikidhani kina akiba.

Mara moja kwa mwezi achaguliwe faili mmoja wa wiki iliyopita na arejeshwe kutoka kwenye diski ya akiba, mbele ya mganga mfawidhi, kisha afunguliwe na kusomwa. Tarehe na jina la aliyefanya jaribio viandikwe kwenye daftari linalokaa pamoja na karatasi ya ruhusa. Daftari hilohilo liandikwe siku mfanyakazi anapohama au kuacha kazi, pamoja na amri inayofunga akaunti yake kabla hajakabidhi funguo:

sudo smbpasswd -d tabibu01